Kindi na Dawa ya Kubweka

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao na kuamkiana kila asubuhi, palikuwa na kitongoji kiitwacho Tulizana. Jina zuri, sivyo? Lakini siku hizo ninazowasimulia, wanangu, hapakuwa na aliyetulia hata mmoja.

Mzee Kiboko hakutulia. Yeye hula majani usiku na kulala mchana, ndivyo Mungu alivyomuumba. Sasa ajilaze tu kivulini, afumbe jicho moja, ataka kufumba la pili:

"Bwe! Bwe! Bwe!"

"Aaa! Tena?"

Anageuka upande. Kitanda kinalia, kacha! Anafumba jicho. "Bwe! Bwe!" Anageuka upande wa pili. Kacha-kacha-kaaa! Chini, puu! Wiki ile peke yake alivunja vitanda viwili.

Jumbe Nyati naye hakutulia. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kitongoji. Alipenda kukaa barazani akitoa hukumu kwa sauti nzito, watu wote kimya. Basi akianza tu, "Mimi, Jumbe wenu, naamua kwamba..." mara, "Bwe! Bwe! Bwe!" Anasahau alichotaka kuamua. Mkia wake ulikuwa ukimpiga ubavuni, pa! pa! pa!, kutwa nzima.

Aliyekuwa akibweka ni Bi Mbwa. Alikuwa mjane. Mumewe aliumwa na nyoka akafa, akamwacha na mimba. Sasa alikuwa amejifungua watoto watatu, wana siku tatu duniani, macho yao bado yamefumba. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, karibu na kisima. Ua wake wa michongoma ulikuwa umebomoka pande mbili, huku pengo na huku pengo, na hakuna wa kumzibia.

Nami nakiri mbele yenu, ningekuwapo siku hizo, ningekuwa upande wa Kiboko. Niliwahi kumrushia jiwe mbwa wa jirani yangu bila kuuliza analilia nini. Mungu anisamehe.

Haya, sogeeni, tuendelee.

Jumatatu asubuhi Fisi, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa Jumbe, alizunguka akiita watu kikaoni. Wakaja wote, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shauri ni moja tu," alisema Nyati. "Huyu Bi Mbwa na kelele zake."

"Ahame!" alinguruma Kiboko.

"Ahame! Ahame!" walidakia wengine.

Bi Mbwa akasimama. "Jumbe, naomba nami nise..."

"Ameanza!" Fisi akapiga kelele.

"Nataka kusema kwamba nyinyi wenyewe..."

"Mnamsikia? Anabweka mpaka kikaoni! Hihihihi!"

Watu wakacheka. Bi Mbwa akakaa chini, mkia kaukalia.

"Basi," alisema Nyati, "Ijumaa baada ya sala, Bi Mbwa uvuke korongo ukakae ng'ambo. Huko utabweka na mawe."

"Jumbe, wanangu hawajafumbua macho. Nitawabeba mdomoni, mmoja mmoja. Nikimvusha mmoja, wawili watabaki na nani?"

"Watabaki na mimi," alisema Fisi kwa sauti laini. Akameza mate, gudu! "Mimi jirani yako. Nitawaangalia."

"Umeona?" alisema Nyati. "Fisi ana roho nzuri. Kikao kimekwisha."

Sasa, juu ya mzambarau uliokuwa karibu na nyumba ya Bi Mbwa aliishi Kindi. Mnamjua Kindi? Mdogo, mkia mkubwa kuliko mwenyewe, hawezi kukaa tawi moja hata umalize kulitaja jina lake. Siku hiyo alikuwa kikaoni, juu ya paa la Jumbe, na alilisikia lile gudu.

"Mh!" alijisemea. "Hiyo si roho nzuri. Hiyo ni njaa."

Akatoka mbio. Tawi, paa, tawi, paa, mpaka juu ya nyumba ya Bi Mbwa, tipu-tipu-tipu.

"Bwe! Bwe! Bwe!"

"Ni mimi mama! Ni mimi Kindi!"

"Ungesema hodi, mwanangu, nisingebweka."

Kindi akasimama, mguu mmoja bado uko hewani. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Shuka tu. Sauti yenyewe imenikauka. Wewe unadhani mimi nabweka kwa raha?"

"Sasa kwa nini unabweka?"

"Nauliza! Nauliza 'nani huyo?' Nina watoto wasioona, na kila mara nasikia miguu uani kwangu. Nyati akienda kisimani, apita hapa. Kiboko akirudi malishoni, apita hapa. Mama Ngiri na wanawe tisa, hapa hapa, wengine wanaruka sufuria zangu. Njia ya kuzunguka ua ipo, ni hatua arobaini tu. Mume wangu alipokuwa hai walizunguka wote. Alipokufa tu, ua ukabomoka, wakaona wamepata njia ya mkato."

"Na hakuna anayepiga hodi?"

"Hakuna. Hata wewe. Kila asubuhi unanipitia juu ya paa, tipu-tipu, nami naruka na roho mkononi."

Kindi aliona haya mpaka masikio yakamlala. "Kweli mama. Nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini Ijumaa si mbali."

"Kwa nini usiwaambie?"

"Si ulinisikia kule? Nikifungua mdomo tu, wanasema ameanza."

Kindi akapanda ukuta. Akashuka. Akapanda tena. Akashuka. Bi Mbwa akahisi kizunguzungu.

"Mama, wakubwa hawa ukiwaambia kweli hawasikii," alisema hatimaye. "Lakini ukiwaambia kuna dawa, watasikia mpaka wasichoambiwa. Nipe vyungu viwili vikuukuu na majivu ya jikoni."

Baadaye kidogo alikuwa mlangoni kwa Jumbe.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu. Unataka nini, wewe kidudu?"

"Shikamoo Jumbe. Nina dawa ya kunyamazisha mbwa. Aliniachia babu."

Hapo Kindi alisema uongo, wanangu, na mimi uongo siusifu. Nasimulia yaliyokuwa.

Kiboko, aliyekuwa amejilaza sakafuni kwa kukosa kitanda, akainua kichwa. "Dawa? Ya kunyamazisha? Mpeni anachotaka!"

"Nataka kapu la karanga," alisema Kindi. "Dawa hii haishiki mganga akiwa na njaa."

"Mpeni! Mpeni mawili!"

"Ila ina mwiko."

"Mwiko gani?" aliuliza Nyati.

"Nitaweka chungu kwenye kila pengo la ua wa Bi Mbwa. Anayetaka kupita asimame penye chungu, apige hodi. Akijibiwa karibu, apite. Asipojibiwa, arudie, mpaka mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, azunguke ua."

"Hivyo tu? Na asiyepiga hodi?"

Kindi akatazama kushoto, akatazama kulia, akanong'ona. "Kubweka kutamtoka Bi Mbwa, kutamwingia yeye."

"Ati nini?"

"Atafungua mdomo amsalimie mkwe wake, itoke bwe."

Nyati akaangua kicheko. "Hahaa! Mimi, Jumbe mzima, nibweke? Upuuzi mtupu!"

"Sawa, Jumbe. Basi kesho uwe wa kwanza kupita bila hodi, watu waone."

Kicheko kikakatika. Mkia ukaanza, pa! pa! "Kwa nini mimi? Pita wewe mwenyewe."

"Mimi? La, Jumbe, naomba usinifanyie hivyo. Nina mama mzee!"

"Nimesema! Utapita wewe!"

Kindi akainamisha kichwa kama mwenye huzuni, kumbe anaficha meno yanayocheka.

Asubuhi ya Jumanne kitongoji kizima kilikuja kutazama. Vyungu vimewekwa, ndani mna maji ya kijivu. Kindi akasogea kwenye pengo, akafumba macho. Fyuu! Akapita bila hodi, akarudi.

"Haya, mnaona," alisema. "Sijambo kabisa, sina hata... bwe!"

Akajiziba mdomo. Watu wakarudi nyuma.

"Nasema sijam... bwe! Jamani mimi bwe! bwe! Niokoeni, bwe!"

Mama Ngiri akawakumbatia wanawe tisa kwa pamoja. Kiboko akarudi nyuma, akamkanyaga Fisi mguu. "Uwiii!" Kindi akagaagaa mavumbini, mkia juu, mkia chini, akibweka kwa sauti nyembamba.

"Fanyeni kitu!" alipiga kelele Nyati. "Chungu! Mpelekeni penye chungu apige hodi!"

Kindi akajikokota. "Ho... bwe. Hodi. Hodi."

"Karibu," alijibu Bi Mbwa kutoka ndani, naye amejiziba uso kwa kanga asicheke.

Kindi akanyanyuka, akajipangusa vumbi. "Ah. Imeniachia."

"Alhamdulillahi!" alipumua Nyati, jasho limemlowesha hadi kwato.

Tangu saa ile, hakuna aliyethubutu. Nyati mwenyewe alikuja na ndoo yake, akasimama mbele ya chungu, akatazama kama kuna anayemwona.

"Hodi," alisema kidogo sana.

"Jumbe, dawa haikusikia hiyo," alisema Kindi kutoka juu ya mzambarau, akimenya karanga.

"HODI!"

"Karibu, Jumbe. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Watoto... watoto hawajambo?"

Akawatazama. Alikuwa amekwisha pita ua ule mara nyingi mno, lakini hakuwahi kuwaona. Watatu kwa pamoja hawakufika ukubwa wa sikio lake. Akapita akinyata, ndoo kaishika mpini usilie.

Ikawa hivyo. Hodi, karibu, umeamkaje. Bi Mbwa akiwa amelala na asijibu, wanazunguka ua, hatua arobaini, na hakuna aliyekufa kwa kuchoka. Jumanne, kimya. Jumatano, kimya. Kiboko alilala mchana kutwa, akikoroma ghoooo, ghoooo, mpaka milango ya majirani ikatikisika, na hakuna aliyeitisha kikao kwa hilo, wala aliyetaja tena habari ya kumhamisha Bi Mbwa.

Aliyebaki bila utulivu ni Fisi. Huku anakwenda, huku anarudi. "Asipobweka, hahami," alinung'unika. "Asipohama, mimi nitabaki na watoto gani?"

Lakini Fisi alikuwa na siri. Jumatatu ile alikuwa kichakani kando ya kisima, na alimwona Kindi akiteka maji na kutia majivu. Hakumwambia mtu. Alikaa akalitafuna lile jambo moyoni.

"Kindi anajiona mjanja," aliwaza. "Kawadanganya wote. Vizuri! Mbwa amekwisha zoea kunyamaza. Nami sitahitaji korongo. Nitaingia mwenyewe."

Ijumaa adhuhuri, jua kali, wanaume wamerudi kutoka sala na kujilaza, Fisi alinyemelea mpaka penye pengo. Akachovya kidole chunguni, akakilamba.

"Pwe! Majivu!"

Akacheka kimoyomoyo. Akaingia. Hakupiga hodi hata moja.

"BWE! BWE! BWE! BWE!"

Kiboko akafumbua macho. Sikilizeni vizuri hapa, watoto. Siku zote angelaani na kugeukia upande wa pili. Safari hii aliruka kama aliyechomwa.

"Huyo hakupiga hodi!"

Nyati naye barazani, "Nani huyo hakupiga hodi?" Mama Ngiri, "Nani huyo? Nani?" Wakatoka wote mbio, tifu-tifu-tifu, vumbi mpaka mbinguni, wakaingia uani kwa Bi Mbwa.

Wakamkuta Fisi mlangoni mwa jiko. Mtoto mmoja wa mbwa ananing'inia mdomoni mwake, kashikwa ngozi ya shingo, analia wii, wii. Na Bi Mbwa kamng'ang'ania Fisi sikio kwa meno, hasogei, haachii, macho yamemtoka.

Kiboko akaukanyaga mkia wa Fisi. Fisi akaachama, "Uwiii!" Mtoto akaanguka, pu! Kimya. Kisha, wii! wii! Mzima. Bi Mbwa akamvuta kifuani, akamlamba, akamlamba, akamlamba.

"Fisi! Ulikuja kufanya nini?" alinguruma Nyati.

"Nilikuja... kuwajulia hali."

"Kwa meno?"

Fisi aliona hana pa kutokea. Akageuza maneno. "Nisikilizeni mimi! Mmefanywa wajinga! Chunguni mna maji na majivu tu, nilimwona Kindi kwa macho yangu! Haya, nimepita bila hodi. Nabweka? Mbona sibweki? Hakuna dawa hapa!"

Kichwa kimoja kimoja, wote wakainua macho juu ya mzambarau.

"Kindi," aliita Nyati. "Shuka."

"Nakusikia vizuri kutoka hapa, Jumbe."

"SHUKA!"

Akashuka hadi katikati ya shina. Hakuzidi hapo. "Anayosema Fisi ni kweli, Jumbe. Maji ya kisima na majivu. Babu hakuniachia dawa yoyote. Nimesema uongo mbele ya watu wazima, nisameheni. Na karanga nimekwisha kula, hizo sitaweza kurudisha."

Nyati alipumua moto puani. "Yaani mimi, Jumbe, nimesimama siku nne mbele ya majivu, napayuka hodi hodi kama mtoto wa madrasa!"

Akainamisha pembe. Kindi akajibandika kwenye gome kama kupe.

"Ngoja kwanza, Jumbe," alisema Kiboko. Yeye hufikiri polepole, lakini siku hiyo alikuwa amelala vya kutosha. "Kama ni majivu, Bi Mbwa alinyamazishwa na nini? Maana mimi nimelala. Nimelala kabisa. Hilo si uongo."

Nyati akainua pembe zake.

Bi Mbwa akainua uso. "Naweza kusema sasa?"

Hakuna aliyesema ameanza.

"Sema, mama," alijibu Nyati.

"Mlipopiga hodi, nilijua ni nani. Ninayemjua namkaribisha. Nisiyemjua namuuliza, na kuuliza kwangu ndiko huko kubweka. Zamani mlikuwa mnapita wote kimya kimya, nikawauliza wote. Leo nimemuuliza mmoja, nanyi mmesikia. Ni hayo tu niliyotaka kusema kikaoni."

Mama Ngiri aliwatazama wanawe tisa, akatazama sufuria za Bi Mbwa, akatazama chini.

"Huyu," alisema Nyati akimnyooshea Fisi pembe, "ndiye aliyetaka kubakishwa na watoto. Na mimi kwa kinywa changu nilisema ana roho nzuri. Kosa ni langu. Leo ni Ijumaa, sala imekwisha, na nilisema kuna mtu wa kuvuka korongo. Avuke. Kiboko, msindikize."

"Kwa furaha," alisema Kiboko, na Fisi akaondolewa huku mkia wake bado uko chini ya mguu wa msindikizaji, jambo ambalo halikuwa raha hata kidogo.

Nyati akataka kusema neno la mwisho, la kijumbe. Hapo akatazama kwato zake. Zilikuwa katikati ya ua wa mjane, juu ya ufagio wake, na hakukumbuka kuomba ruhusa.

Akageuka. Akatoka, yeye na wale wengine nyuma yake, mpaka nje ya pengo. Akasimama penye kile chungu cha majivu.

"Hodi."

Bi Mbwa aliendelea kumlamba mtoto.

"Hodi."

Kimya.

"Bado moja, Jumbe," alinong'ona Kindi.

Nyati akameza kiburi chote, na kilikuwa kikubwa. "Hodi, mama. Nimekuja kuomba radhi."

Bi Mbwa akamlaza mtoto kando ya wenzake. "Karibu, Jumbe," alisema. "Karibuni nyote."

Jioni ile walikata michongoma, wakaziba mapengo yote mawili, miiba ikawachoma mikono na hakuna aliyelalamika. Basi wanangu, nami hadithi yangu naiegesha hapo ukutani, atakayeitaka aichukue kwa adabu: kabla hujamshitaki jirani kwa kelele zake, tazama kwanza miguu yako inapita wapi.